Kishikio cha Kumi na Moja

Kra-kra-kra-kra. Kimya. Kra-kra-kra-kra.

Gwakisa hakufumbua macho. Alijua ni cherehani ya Mama Tusekile, na kwa mdundo wake alijua mama amefika begani, maana bega la vazi la baridi lina tabaka saba za kitambaa na sindano haikubali kuzipita bila kupumzika. Miezi kumi na miwili cherehani ile ilikuwa ikilia ndani ya Chumba cha Kusikiliza, mahali ambapo mtu mwingine akikohoa tu hutolewa nje. Hakuna aliyethubutu kumwambia mama aipeleke nyumbani. Mwanawe, Ambwene, alikuwa upande wa pili wa uzi uliosikilizwa humo, chini ndani ya barafu.

"Amelala huyu," ilisema sauti ya Subilaga.

"Nawaza."

"Wenzako wakiwaza hawadondoshei kibodi mate."

Gwakisa akafumbua macho na kuipangusa kibodi kwa mkono wa shati, bila kukiri chochote. Asubuhi hiyo hakuwa na nafasi ya kukiri kosa. Ilikuwa siku ya kuliwasha Ganda jipya, kazi ya miaka miwili, na tangu alfajiri kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ukumbini, na jiko la mji lilikuwa limetoa mikate ya nazi ambayo kwa kawaida hutolewa harusini.

Ganda ndilo lililosimama kati ya watu mia tisa wa Lufilyo Mpya na mashine iliyowaweka hai ndani ya tumbo la barafu. Mtu akitaka mwanga, maji au mkate wa moto, huliambia Ganda. Ganda hufungua njia, huipa namba, huikabidhi kwa programu inayohusika, kisha hugeuka kumsikiliza mwingine. Kila programu huzaliwa na vishikio vitatu mkononi: sifuri ni sikio, moja ni mdomo, mbili ni kilio, cha kupigia kelele mambo yakiharibika. Ikihitaji kishikio kingine hupewa namba ndogo kuliko zote zilizo tupu.

Ganda lenyewe lina vishikio vyake pia, na hapo ndipo Gwakisa alipopatia jina. Akiwa na miaka ishirini na mbili aliamua kwamba vishikio vya ndani visikae chini pamoja na vya watu. Vihamishwe juu, kuanzia kumi, ili mtu akiomba tano asikute Ganda limeikalia. Akaandika vitendo vitano: cha kuhamisha, cha kunakili, cha kuhifadhi, cha kurudisha na cha kufunga. Viliandikwa kwa ufupi na urembo mpaka wazee wa mitambo wakavisoma kwa sauti kama mashairi. Kisha, kwa maringo tu, akavificha. Orodha ya Ganda ilionyesha sifuri mpaka tisa, na juu ya hapo kulikuwa na mstari mmoja: *Huku ni kwa fundi.*

Subilaga, mkaguzi wake, hakuupenda mstari huo hata siku moja. Wiki nzima walikuwa wamegombana. Yeye alitaka Ganda jipya lionyeshe namba zote, za chini na za juu. Gwakisa alimwambia kwamba mgeni mwenye adabu hachungulii chini ya kitanda cha mwenyeji. Subilaga akamjibu kwamba mwenyeji ni watu mia tisa, na yeye Gwakisa ndiye mgeni, tena mgeni aliyezoea vibaya. Jana yake Gwakisa alishindwa kwa hoja, akaandika mistari minne ya kuonyesha kila kitu, akiinung'unikia mmoja mmoja.

Sasa akaijaribu kwanza kwenye Ganda la zamani, lililokuwa bado linafanya kazi. Orodha ikashuka kiooni. Sifuri, moja, mbili, kama kawaida. Tatu: Uzi wa Fuko la Tatu, upande wa kusikilizia. Nne mpaka tisa, tupu. Kumi: amri zinazosomwa.

Kumi na moja.

Aliusoma mstari huo, kisha akausoma tena kwa kuufuata na kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Subi," alisema polepole. "Njoo uone kitu, na usicheke."

Subilaga alikuja akiwa ameshaanza kucheka. Alipofika nyuma ya kiti, kicheko kilimwishia mdomoni. Kiooni palikuwa pameandikwa: *Kumi na moja: Uzi wa Fuko la Tatu, upande wa kusemea.*

Kra-kra-kra-kra, ilisema cherehani kutoka pembeni. Mama Tusekile alikuwa anaimba kwa pua wimbo wa kwaya, akiwatangulia waimbaji wa ukumbini kwa ubeti mzima.

* * *

Walitoka mpaka kwenye ujia, wakasimama karibu na bomba la maji moto ambalo watu huegemea wakitaka kuteta.

Fuko ni mashine ya kutoboa barafu, na Fuko la Tatu lilikuwa na kiti kimoja tu. Linaposhuka, linaacha nyuma yake uzi mwembamba kuliko unywele, na ndani ya uzi huo maneno hupanda kwenda juu. Ganda ndilo linaloufungua uzi. Linapata pande mbili, wa kusikilizia na wa kusemea. Wa kwanza linabaki nao, wa pili linaukabidhi kwa Fuko, kisha linaachia nakala yake ya kusemea. Lazima liachie, kwa sababu mashine ina sheria moja isiyopindika: anayesikiliza hupewa alama ya mwisho pale tu kila aliyeshika upande wa kusemea atakapouachia. Kila mmoja. Akibaki mmoja, hata awe bubu, hata awe amesahau kwamba ameshika, msikilizaji ataendelea kungoja.

Siku Ambwene aliposhuka, miezi kumi na minne iliyopita, Ganda liliupa upande wa kusemea namba tano, maana nne ilikuwa na kazi nyingine. Kitendo cha kuhamisha, kile kizuri, kile kilichosomwa kama shairi, kikaona tano itahitajiwa na watu, kikaunakili juu kwenye kumi na moja. Baadaye Gwakisa akafunga tano, akaondoka akipiga mluzi. Kumi na moja ikabaki imeshikilia uzi, na hapakuwa na orodha ya kumwonyesha.

"Kwa hiyo miezi kumi na minne yote hii," alisema Subilaga, "ambaye hajafa ni wewe."

Gwakisa alikuwa anafikiria Honi.

Lufilyo Mpya haimlilii mtu aliyeshuka mpaka Honi ilie. Ndani ya kila Fuko mna wenzo mwekundu ambao anayeshuka lazima auvute walau mara moja kila siku thelathini. Asipouvuta, Fuko huachia upande wake wa uzi, alama ya mwisho hupanda, na Honi hulia mji mzima. Hapo ndipo matanga huanza. Kabla ya hapo ni mwiko kumtaja aliyeshuka kwa maneno ya marehemu. Mwezi wa pili wa safari ya Ambwene barafu ilitetemeka, sauti yake ikakatika katikati ya neno, na wapimaji wakasema njia imebomoka. Lakini Honi haikulia. Mama Tusekile akahamishia cherehani yake kwenye Chumba cha Kusikiliza, na kila aliyekuja na uso wa msiba alimrudisha na kipimo cha kiuno.

Na leo saa nane mchana Baraza lilikuwa linakaa kuamua Fuko la Nne, lililokamilika juzi, liende wapi. Upande mmoja walitaka litoboe kisima cha joto cha shule ya chekechea, ambako watoto walikuwa wanaandika na glovu mikononi. Upande wa pili walitaka limfuate Ambwene kabla akiba yake ya miaka miwili haijaisha. Ushahidi pekee wa upande huo ulikuwa neno moja la Ganda: *wazi*. Gwakisa mwenyewe alishasimama mbele ya Baraza mara mbili, kifua mbele, akatangaza kwamba Ganda halisemi uongo.

Subilaga alimhesabia njia zilizokuwepo kwa vidole. Angeweza kunyamaza, Fuko lingekwenda kwa Ambwene, labda kumfuata mtu, labda kufuata barafu tupu, na watoto wangengoja mwaka mwingine. Angeweza kwenda kuifunga kumi na moja kimyakimya. Honi ikilia, mji ungedhani Ambwene amefariki asubuhi hii, na hakuna ambaye angejua. Au angeweza kusema.

"Hiyo ya pili ni rahisi sana," alisema Gwakisa.

"Ndiyo maana naitazama mikono yako."

Gwakisa alikuwa na kiburi, na kila mtu alikijua, lakini kilikuwa kiburi cha fundi. Angevumilia kuitwa mzembe. Kitu ambacho hakuweza kukivumilia, akiegemea lile bomba na joto likimpanda mgongoni, ni kwamba kazi yake ilikuwa inasema uongo kwa jina lake, kila saa, kwa mama wa mtu. Akamwambia Subilaga kwamba atakayeambiwa kwanza si Baraza.

* * *

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama wima nikuone." Mama Tusekile alimtazama juu mpaka chini, sindano mbili zikiwa zimebanwa kwenye midomo yake. "Umekonda. Hilo Ganda lako linakunyonya. Ukioa utanikuta nikikushonea suruali ya kipimo cha shemeji yako mdogo."

Gwakisa alivuta kigoda akakaa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Mama akaliona hilo. Akazitoa sindano mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake, na kungoja.

Gwakisa alimweleza yote. Alianza vibaya, kwa namba, akarudi nyuma, akaanza na uzi. Alieleza habari ya pande mbili na habari ya kuachia. Hakusema Ganda limekosea, alisema mimi. Mama alisikiliza huku akikunjua na kukunja upindo wa kijivazi kilichokuwa mapajani mwake. Gwakisa alipomaliza, mama aliunyoosha upindo kwa kiganja.

"Kwa hiyo ni kitambaa kimoja," alisema mwishowe, "kimeshikwa na mikono miwili. Mmoja ni wako. Wa pili hatujui kama upo."

"Ndiyo, mama."

"Ukiuachia wako, na Ambwene naye akawa ameshaachia?"

"Honi italia papo hapo."

"Na kama hajaachia?"

"Itanyamaza."

"Na usipoachia?"

"Saa nane nitakwenda Barazani niseme uzi uko wazi. Watakupa Fuko."

"Na si uko wazi kweli?"

"Uko wazi kwa sababu mimi ni mzembe."

Mama Tusekile akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, na Gwakisa angependelea kofi. Kisha mama akakiinua kile kijivazi, kidogo kama mto wa kulalia, mabega yakiwa yameshonwa upande mmoja tu. Akamwambia ni cha Lusekelo, mtoto wa Mwaisumo, yule Mwaisumo anayepiga kelele Barazani kuliko wote akidai kisima. Mtoto ana miaka mitano na herufi zake zote zimelala upande kwa sababu ya glovu. Amemshonea vazi la tatu mwaka huu, na kila mara mtoto anamuuliza kama Ambwene atarudi na samaki wa huko chini, na kila mara yeye humjibu kwamba atarudi na wawili.

"Nikimchukulia huyu joto lake," alisema, "nimchukulie kwa ajili ya mwanangu. Siwezi kumchukulia kwa ajili ya uzembe wako."

Gwakisa akamwambia basi aje naye mezani. Mama ndiye mwenye kungoja. Mama ndiye abonyeze, kwa wakati atakaoutaka, au asibonyeze kabisa.

"Aa, hapana. Usinitwishe." Akachukua utepe wa kupimia na kumchapa nao begani, si kwa nguvu sana. "Mkono ulioshika ni wako. Utauachia wewe, tena mbele ya watu, na mimi nitakaa mstari wa mbele nikikutazama. Pigo hilo lilikuwa la miezi kumi na minne. Lingine nitaliangalia jioni."

Akaigeukia cherehani. Gwakisa aliinuka, na alipofika mlangoni akamsikia akisema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba akitangulia ampitishie mkate wa nazi, maana hawezi kukabiliana na Mwaisumo akiwa na njaa.

* * *

Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakalishwa juu ya vipaza sauti. Watu walikuja kusherehekea Ganda jipya na kusikia ugomvi wa Fuko kwa safari moja, kwa hiyo wengi walikuwa wamevaa vizuri. Mwenyekiti wa Baraza, Bi Lutengano, aliyewahi kuendesha Fuko la Kwanza na ambaye hotuba ndefu humwasha mwili, alimpa Gwakisa dakika tano.

Alitumia mbili. Alisema alichokifanya, akasema kimekaa muda gani, akasema kwamba neno *wazi* alilolileta pale mara mbili halikuwa na thamani. Vurugu ikazuka. Mwaisumo alisimama kwenye kiti na kuuliza kama kuna kitu kingine cha Ganda ambacho ni kijana tu ameshikilia, pengine na hewa nayo. Watu wakacheka, na Gwakisa akacheka nao kidogo, maana lilikuwa swali zuri. Kisha akasema anachotaka kukifanya sasa, na kwamba mama mwenye mtoto ameridhia, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mama Tusekile kwenye mstari wa mbele, vidole vyake vikiwa na makombo ya mkate.

Mama aliinua mkono kama mwanafunzi. Alitaka kujua kwanza kama hiyo Honi yao bado inafanya kazi, isije ikawa nayo imeharibika wakashangilia bure.

Subilaga akawaonya watu, akafungua uzi mfupi wa majaribio, akaufunga. Honi ikalia. Ililia kutoka kwenye kuta na chini ya miguu, mtoto mmoja akaanguka kutoka kwenye kipaza sauti, na akina mama wa mji mzima wakashika vifua ingawa walishaonywa.

"Inafanya kazi," alisema Mama Tusekile.

Gwakisa alikaa mbele ya kioo kikubwa. Aliandika amri fupi: *funga kumi na moja*. Kidole chake kikasimama juu ya kibonye. Hakugeuka kumtazama mama. Aliahidiwa kwamba atatazamwa, na alihisi kutazamwa huko kama jua ambalo hajaliona tangu azaliwe. Akabonyeza.

Kimya.

Ilikuwa sekunde moja, halafu tano. Mtu alihesabu kwa sauti ya chini mpaka kumi. Honi haikulia. Ishirini, na mwanamke mmoja nyuma akaachia kigelegele, na ukumbi ukalipuka, watu wakarukiana shingoni, kwaya ikaanza kuimba kwa funguo mbili tofauti.

Gwakisa hakusherehekea. Uso wake ulikuwa umepauka. Alipanda juu ya meza akapiga makofi mpaka wakanyamaza.

"Ngojeni," alisema. "Jamani, ngojeni. Bado."

Akawaambia jambo lililomjia wakati ule ule alipobonyeza, baya kuliko la kwanza. Programu inapozaliwa na Ganda, hurithi kila kishikio ambacho Ganda limeshika, isipokuwa kile kilichowekewa alama ya *kisirithishwe*. Na yeye, fundi, hakukiwekea kumi na moja alama hiyo, kwa sababu hakujua kama kipo. Kwa miezi kumi na minne Ganda limezaa programu maelfu. Nyingi zimeshakufa na kuachia. Lakini yoyote iliyo hai tangu siku ile inaweza kuwa imeushika uzi wa Ambwene mkononi bila kujua.

"Kwa hiyo tafuta," alisema Bi Lutengano. "Umesimama juu ya meza ya nini?"

Subilaga alikuwa ameshaanza. Aliita programu zote zilizo hai, moja moja, na kuziuliza zimeshika nini. Majina yakapita kiooni: mwanga, maji, milango, saa. Baada ya dakika chache majina matatu yakasimama yenyewe, yakiwa na rangi nyekundu. Tanuri la mikate. Kipaza sauti cha kwaya. Mvuke wa nyumba ya uyoga.

Ukumbi ukaguna. Mwokaji mkuu, Bwana Kajuni, akasimama na kuuliza kwa uchungu kama anachoambiwa ni kwamba tanuri lake limekuwa likiwasiliana na Ambwene mwaka mzima bila yeye kujua. Subilaga akamwambia tanuri limeshika tu, halijasema kitu. Kajuni akasema hivyo ndivyo lilivyo hata kwake.

Wakaanza na tanuri. Subilaga alilizima, na uzi liliokuwa limeushika ukaachiwa. Watu wote wakasikiliza. Hakuna.

Wakaenda kwa kipaza sauti cha kwaya. Hapo palikuwa na upinzani. Mkuu wa kwaya alisema kile kifaa kikizimwa huchukua nusu saa kurudi katika sauti yake, na wana wimbo wa Ganda jipya wenye beti kumi na mbili. Mama Tusekile akamwambia kwamba ameusikia wimbo wote tangu asubuhi na beti sita zinatosha. Kikazimwa. Watu wakasikiliza tena. Mtu alikuwa amemshika mwenzake mkono kwa nguvu mpaka mwenzake akalalamika, na kulalamika kwake ndiyo sauti pekee iliyosikika.

Likabaki jina moja. Gwakisa alimwomba Subilaga ampishe. Ilikuwa kazi ya mkono wake tangu mwanzo, na hata hii ya mwisho ingekuwa yake. Aliandika *zima mvuke wa uyoga*, na safari hii aligeuka. Mama Tusekile alikuwa amesimama. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kama mshono, na mikono ilikuwa imenyooka pembeni, mitupu.

Akabonyeza akiwa bado anamtazama yeye.

Walingoja. Walingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea. Subilaga aliita tena programu zote zilizo hai, mara moja, mara ya pili, kisha mara ya tatu kwa ajili ya Mwaisumo aliyeomba aone kwa macho yake. Majina yakapita yote yakiwa meupe. Hakuna mashine hata moja katika Lufilyo Mpya iliyokuwa imeshika upande wa kusemea wa ule uzi.

Na upande wa kusikilizia, kwenye namba tatu, ulikuwa bado umeandikwa *wazi*.

"Nieleze kwa Kiswahili cha jikoni," alisema Bi Lutengano. "Humu ndani hakuna aliyeshika?"

"Hakuna."

"Na uzi umeshikwa?"

"Umeshikwa."

"Na nani?"

Gwakisa alimgeukia Subilaga. Subilaga akamsaidia. Alisema wenzo mwekundu umevutwa, na umevutwa ndani ya siku thelathini zilizopita, na hauna uwezo wa kujivuta.

Safari hii kigelegele hakikuanzia nyuma. Kilianzia mstari wa mbele, kwa Mama Tusekile mwenyewe, kirefu, cha kupanda, kikapokelewa na kila mwenye koo. Watu walicheka na kulia kwa pamoja bila mwiko kuvunjika, maana kilio chenyewe hakikuwa cha msiba. Mwaisumo alimnyanyua mama juu, mama akampiga kichwani amshushe, naye akamshusha na kwenda kusimama katikati ya ukumbi, mkono juu, wa kwanza, kabla hata kura haijaitishwa. Alisema Lusekelo ana mavazi matatu na anaweza kuvaa yote. Bi Lutengano aliitazama mikono iliyoinuka, akaacha kuihesabu, akaandika kwamba Fuko la Nne litashuka keshokutwa.

Ndipo mtu alipouliza swali lililobaki. Kama Ambwene yupo, mbona hasemi?

Gwakisa alieleza. Uzi ni mzima, la sivyo mwisho ungepanda. Wenzo unafanya kazi. Kilichoharibika siku ya tetemeko ni kile kipande cha kati kinachogeuza sauti kuwa maneno ya kupanda juu. Mtu anasema, ila Fuko halina cha kumwagia maneno yake ndani ya uzi. Kuna zaidi ya hapo, na ilimuuma kulisema: uzi ule haukuwahi kujengwa kushusha neno. Miezi kumi na minne Ambwene hajui kama juu kuna anayesikiliza. Amekuwa akivuta wenzo kila mwezi gizani, kwa kuamini tu. Anayemfuata lazima awe mtu wa kuunga uzi kwa mikono, na kufungua wa pili wa kurudisha sauti chini.

Bi Lutengano akasema Fuko la Nne lina viti viwili, na dereva anaye, anatafuta fundi. Alisema hivyo akiwa anatazama dari, kama mtu asiyemfikiria yeyote.

Gwakisa alishuka mezani. Hakwenda kwa mwenyekiti. Alipita katikati ya watu waliokuwa wanampiga mgongoni, wengine kwa kumpongeza na wengine kwa kumkomesha, mpaka akafika mbele ya Mama Tusekile, akapiga goti moja ili macho yao yawe sawa, kwa maana mama alikuwa ameshakaa kwa uchovu.

"Mama," alisema, na waliokuwa karibu wakanyamaza ili wasikie. "Keshokutwa nashuka. Nitauunga huo uzi kwa mkono huu huu ulioshika pasipotakiwa, na nitafungua wa pili ili naye akusikie. Sitalipatia Baraza neno lake la kwanza, wala sitalichukua mimi. Nakuahidi, nitalipandisha moja kwa moja kwako."